Mtumishi, Kigiriki Hakisemi Hivyo

Leo tuongee Kigiriki kidogo. Usikimbie, ndugu msomaji. Hata mimi sikupanga kuingia huko, ila kuna jambo limenikera, na nisipolisema hapa sijui nitalisemea wapi.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ibada ya jioni katikati ya juma. Benchi la mbele yangu walikaa vijana wanne waliotoka saiti moja kwa moja, vumbi la saruji bado liko kwenye nywele. Ni vibarua wa ujenzi, wale wa kulipwa kwa siku, na mmoja wao namfahamu kwa sababu tumepanga nyumba moja. Mhubiri alikuwa anafundisha Baba Yetu kipengele kwa kipengele. Alipofika kwenye mkate akanyamaza, akafuta jasho, akashusha sauti. Ile sauti ukiisikia unajua Kigiriki kinakuja. "Wapendwa, hapa kwa Kigiriki kuna neno epiousios. Maana yake ni mkate ulio juu ya vitu vyote. Yesu hakutufundisha kuomba ugali! Ugali utautafuta mwenyewe. Hapa tunaomba mkate wa rohoni." Watu wakaitika amina. Jirani yangu akageuka nyuma, akaninong'oneza: "Kaka, ina maana siku zote tumekuwa tukiomba vibaya?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikakaa na vitabu na intaneti mpaka saa nane usiku, na usiku uliofuata tena. Sasa jibu ninalo, na ni kwamba hapana, hajaomba vibaya. Ila njia ya kulifikia ni ndefu kidogo, nivumilie.

Kwanza nimtendee haki mtumishi. Jambo hili hakulitunga yeye. Katika karne ya tatu Origen wa Aleksandria aliandika kitabu kizima kuhusu sala, na alipofika kwenye neno hili akakwama. Huyu ni mtu ambaye Kigiriki ndiyo lugha aliyokulia, na kusoma na kuandika ndiyo ilikuwa kazi yake. Akakiri kwamba neno hilo hajalikuta kwa mwandishi yeyote wa Kigiriki, wala watu wa kawaida hawalitumii, na akaona kwamba huenda wainjilisti wenyewe ndio waliolibuni. Hebu fikiria Shaaban Robert akutane na neno la Kiswahili halafu aseme, hili mimi silijui, watakuwa wamelitunga. Ukiona hivyo ujue kazi ipo.

Katika Agano Jipya lote epiousios limetokea mara mbili tu, Mathayo 6:11 na Luka 11:3, na zote mbili ni sala ileile. Origen aliamua kulifungua kwa kulikata vipande viwili: epi, "juu ya" au "kwa ajili ya", na ousia, yaani asili ya kitu, kile kinachokifanya kiwe. Mkate wa rohoni ulianzia humo. Kisha akaja Jerome, ambaye miaka ya 380 alikuwa Roma akizisahihisha Injili za Kilatini. Kwenye Mathayo akaandika supersubstantialem, neno zito linalokaribia sana alichosema mtumishi. Lakini kwenye Luka, neno lilelile la Kigiriki, akaacha quotidianum, yaani wa kila siku. Mtu mmoja, neno moja, sala moja, tafsiri mbili! Na Wakatoliki wakisali Baba Yetu kwa Kilatini hawalitumii lile zito la Mathayo, wanasema quotidianum. Juu ya hapo huyohuyo Jerome anasimulia kwamba katika injili iliyotumiwa na Wakristo wa Kiebrania alikuta mahali hapo neno mahar. Mahar ni kesho.

Kwa hiyo mtumishi ana babu zake katika tafsiri ile, tena babu wa heshima. Ugomvi wangu naye hauko hapo. Ugomvi wangu ni ile "kwa Kigiriki maana yake ni". Angesema kwamba wapo mababa wa kanisa waliolielewa hivi, hata mimi ningeitika amina. Lakini alisimama mbele ya watu ambao hawana namna ya kumhakiki, akawapa dhana kana kwamba ni kamusi, na kwa dhana hiyo akawaondolea chakula kwenye sala.

Kuna kisa kimoja ambacho lazima nikipitie hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Flinders Petrie alikuwa akichimba Hawara, kule Fayum nchini Misri, na miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa kulikuwa na vipande vya karatasi za mafunjo zenye maandishi ya Kigiriki. Mwaka 1889 msomi wa Kiingereza, A. H. Sayce, akachapisha kimojawapo. Kilikuwa orodha ya matumizi, hesabu za senti senti kama zile tunazoandika nyuma ya daftari mwisho wa mwezi, na ndani yake akasoma herufi za epiousi-. Ilikuwa habari kubwa. Kumbe neno lipo! Tena lipo kwenye hesabu ya manunuzi, si kwenye kitabu cha falsafa. Kwa miaka mingi vitabu vya wataalamu vilikitaja kipande hicho kama ushahidi kwamba epiousios lilikuwa neno la kawaida lenye kuhusu posho ya siku.

Tatizo ni kwamba kipande chenyewe hakikuwa kinaonekana. Bruce Metzger wa Princeton alikifuatilia miaka ya 1950 akaambulia patupu, na tena akaonyesha kwamba Sayce hakuwa msomaji wa kuaminika sana wa miandiko ya zamani. Mwaka 1998 ndipo kikatambuliwa, kumbe kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wataalamu wakakisoma upya. Pale Sayce alipoona epiousi- pameandikwa elaiou.

Mafuta. Mtu alinunua mafuta.

Nilicheka peke yangu usiku ule, halafu nikaacha kucheka, maana nimewahi na mimi kunukuu vitu ambavyo sikuviona kwa macho.

Sasa sarufi, na hapa ndipo penye utamu. Kigiriki, kama Kiswahili, hakipendi irabu zigongane ovyo. Sisi tukiweka ki- mbele ya -angu hatusemi kiangu, tunasema changu. Wao wakiweka epi mbele ya neno linaloanza na irabu, ile i ya mwisho kwa kawaida hudondoka. Epi na archo, kutawala, vinazaa eparchos, yaani liwali. Haisemwi epiarchos. Basi epi na ousia vingetarajiwa kuzaa epousios. Lakini neno letu lina i katikati, limesimama nayo wima. Imebaki inafanya nini?

Mtetezi wa mtumishi atasema kwamba sheria zina wasiozitii. Ni kweli, wapo. Epiorkos, mtu anayekula kiapo cha uongo, amebaki na i yake. Hata kwetu ki- na -ongoza vimetupa kiongozi, sijasikia mtu akisema chongozi. Kwa hiyo hoja hii peke yake haifungi kesi. Inachofanya ni kutupeleka kwenye njia ya pili, ambako ile i haihitaji kuombewa msamaha.

Njia ya pili inaanza na kitenzi epienai, kuja baada ya, kufuatia. Umbo lake la kike la "inayokuja" ni epiousa. Hapo i ya epi imedondoka kama kawaida, na i unayoiona ni shina lenyewe la kitenzi, kama -ja- iliyomo ndani ya "ijayo". Huwezi kuitoa. Wagiriki walisema he epiousa, "ile ijayo", na neno siku wakalimeza kwa sababu kila mtu alielewa. Kitabu cha Matendo kimejaa matumizi hayo. Katika 16:11 Paulo na wenzake wanang'oa nanga Troa, wanafika Samothrake, na epiousa, kesho yake, wako Neapoli. Sasa chukua epiousa, mpe kiambishi cha kuundia vivumishi, unapata epiousios: wa siku ijayo. Ni kama mtu achukue "ijayo" yetu aigeuze kivumishi kipya. Kitashangaza masikio, lakini msikilizaji ataelewa.

Na siku ijayo ni ipi? Inategemea unasema saa ngapi. Plato ana kitabu kiitwacho Crito, Sokrate yuko gerezani Athene akisubiri kuuawa, rafiki yake amekuja kabla hakujapambazuka na habari kwamba meli inayosubiriwa iko njiani. Wanabishana itafika lini, na Sokrate anaposema epiousa hemera, kwa namna mazungumzo yanavyokwenda, anamaanisha siku inayotaka kupambazuka muda si mrefu. Siyo ya baadaye, ni hiihii inayokuja. Kwa hiyo ukisema epiousa alfajiri umesema leo, ukisema jioni umesema kesho. J. B. Lightfoot, Mwingereza aliyeandika kwa urefu juu ya neno hili mwaka 1871, alilieleza hivyo, na mimi sijaona maelezo yanayonikalia vizuri kuliko hayo. Wakristo wa zamani wa Misri waliotafsiri Injili katika Kikopti walikwenda njia hiyohiyo: lahaja moja inasema mkate wa kesho, nyingine unaokuja. Wasiria hawakukubaliana nao. Wao waliandika mkate wa mahitaji yetu. Nataja hilo ili usidhani nimeficha upande wa pili.

Kuna jambo jingine dogo linalomsumbua anayetaka tuseme "kila siku" tu, basi. Kigiriki kilikuwa na maneno yake ya kila siku, tena ya kawaida kabisa. Waraka wa Yakobo, sura ya 2 mstari wa 15, unataja chakula cha siku na unatumia ephemeros. Luka kwenye sala yenyewe anaweka kath' hemeran, siku kwa siku, halafu bado anaongeza epiousios. Kama maana ni moja, amejirudia ndani ya sentensi fupi. Vitenzi navyo vinatofautiana: Mathayo anatumia dos, toa, kitendo kikitazamwa kizima, na anaweka "leo", Luka anatumia didou, uwe unatoa, kitendo cha kuendelea. (Wahubiri wengine watakuambia umbo la Mathayo maana yake ni "mara moja tu na basi". Si kweli, ila tuliache, mtumishi mmoja kwa wiki anatosha.)

Na kwa kuwa nimemtaja Yakobo, nendeni mkausome ule mstari na unaofuata. Anamzungumzia ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku, na mtu anayemwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Mtumishi wangu na yeye aliwaambia vijana wale waende kwa amani.

Sasa rudisha neno hili kwa watu waliolisikia mara ya kwanza. Mathayo 20 inatuonyesha soko la vibarua: wanasimama sokoni tangu alfajiri, mwenye shamba anakuja kuwachukua, wanapatana dinari moja kwa siku, na jioni wanapanga foleni kulipwa. Torati ilikuwa na amri juu ya jioni hiyo. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri mpaka asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa sababu yeye ni maskini na moyo wake unautegemea. Mtu wa namna hiyo akisali jioni, mkate unaomnyima usingizi ni upi? Wa leo ameshaula au ameshaukosa. Kinachomkodolea macho ni kesho asubuhi. Kuomba kwamba leo, kabla sijalala, riziki ya kesho iwe imeshapatikana, hiyo si falsafa ya juu ya vitu vyote. Hiyo ni sala ya mtu anayelipwa kwa siku. Nyumba yetu ina vyumba sita na ninaweza kukuonyesha milango minne ambako inasaliwa hivyo kila jioni, na mmoja wapo ni wa Mwislamu.

Utaniuliza, mbona sura hiyohiyo ya Mathayo, mstari wa 34, inakataza kuhangaikia kesho? Na mana jangwani, Kutoka 16, si ilioza na kuingia wadudu kwa waliojiwekea mpaka asubuhi? Hoja nzuri, na wapo wanaoitumia kuikataa tafsiri ya kesho. Mimi naona hivi: kuhangaikia kitu na kukiomba si jambo moja. Kuna watu wanaweza kuacha kuhangaika kwa sababu tayari wamekiomba wakakikabidhi. Na mana yenyewe, siku ya sita walipewa ya siku mbili, maana kesho yake ilikuwa sabato, na hiyo haikuoza. Halafu tusisahau kwamba kwa Wayahudi siku inaanza jua likizama. Wazee wetu wa pwani nao hivyohivyo, kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na saa yetu ya Kiswahili bado inaanza kuhesabu usiku kwa saa moja. Ukisali magharibi, siku ijayo imeshaingia mlangoni. Leo na kesho haziko mbali kama kalenda ya ukutani inavyotuaminisha.

Nimebakiza Kiswahili chetu. Waliozoea sala ya Kikatoliki wanasema mkate, na wa kila siku. Biblia ya Habari Njema inataja chakula tunachohitaji, karibu na wale Wasiria. Lakini Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 haina mkate hapo, wala haina "kila siku" kwenye Mathayo. Ina neno moja, riziki. Nikiwa mdogo nilidhani wafasiri walichoka wakaacha kivumishi njiani. Nimewahi hata kusikia mtu akiwalaumu kwa kuingiza neno la Kiislamu kwenye sala ya Bwana.

Sasa sikiliza. Riziki tumeipata kwa Waarabu, rizq. Wataalamu wa lugha wanasema Waarabu nao waliipata, kupitia kwa Wasiria, kutoka Kiajemi cha kale, ambako rozig ilikuwa posho, chakula cha siku. Na ndani yake kuna roz, siku. Ni ruz ileile iliyomo kwenye Nouruz, siku mpya, ambayo watu wa pwani waliiita Nairuzi na ambayo Makunduchi wanaisherehekea mpaka leo kwa jina la Mwaka Kogwa. Yaani ile siku ambayo nilidhani wafasiri wameiacha njiani ilikuwa imejificha ndani ya riziki muda wote. Sidhani walijua. Walichukua tu neno ambalo mvuvi, mchuuzi na kibarua walikuwa wanalitumia, neno lisilosema ni ya leo au ya kesho, ya tumbo au ya roho, ila linasema imetoka kwa nani. Kwa neno ambalo Origen mwenyewe lilimshinda, mimi sioni walipokosea.

Juzi jioni nilimkuta jirani yangu bombani anajaza ndoo. Nikamweleza yote haya, nikiruka Kikopti. Alisikiliza huku akitazama maji.

"Kwa hiyo nikiomba jioni naomba ya kesho."

"Ndiyo."

"Na nikiomba asubuhi, ya leo."

"Ndiyo, kwa ninavyoona mimi."

Akafunga bomba. "Basi kaka, hapo hamna Kigiriki. Sasa ule mstari wa kibarua kulipwa kabla ya asubuhi, ule uko wapi? Saiti hatujalipwa tangu Jumatatu."

Nikachukua simu yake, nikamwandikia kwenye meseji: Walawi 19:13.